Pikapu Tuliyoisifu Kwenye Matanga

Jumamosi ya umuganda, Novemba. Kamembe.

Mvua imeanza alfajiri, ikakatika kidogo wakati wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kana kwamba nayo inamwogopa kiongozi wa mtaa, kisha ikarudi. Tumezibua mtaro wa barabara ya juu. Nimerudi na matope hadi magotini, nikaoga, nikatoka tena mchana kwa shughuli nitakayoieleza. Sasa ni jioni, nimekunywa chai vikombe viwili na moyo haujatulia.

Leo nimesema neno baya juu ya marehemu mume wangu, mbele ya watu, kwenye uwanja wa mtu anayeuza gari.

Neno lenyewe ni la kweli. Hilo ndilo linalonisumbua.

Sisi ni wanawake watano tunaopandisha mchele na nyanya kutoka bonde la Bugarama mpaka hapa Kamembe, na sehemu ya mzigo inavuka mpaka kwenda Bukavu. Kwa miaka mingi mzigo wetu ulibebwa na Papa Aline, mume wangu, kwenye pikapu yake. Tangu afariki mwaka jana tunakodi magari ya watu, na gari la kukodi linakuja likipenda. Nyanya zinaivia kando ya barabara. Mchele unanyeshewa tukiutazama. Basi tukakubaliana kuunganisha akiba zetu tununue pikapu ya kwetu, iliyotumika lakini nzima.

Kazi ya kuchunguza ni aina gani ya kununua walinipa mimi.

"Weye ulilala na chauffeur miaka yote ile," Maman Furaha aliniambia. "Ata kama hukusikilizaka, kitu kimoja kiliingia."

Maman Furaha ndiye kiongozi wetu. Alikulia Bukavu kama mimi, na sauti yake haihitaji simu. Akikuita kutoka ng'ambo ya mto Rusizi, unageuka.

Kwa hiyo kwa wiki kadhaa mimi, ambaye sijawahi kushika usukani, nimekuwa mtu wa kuuliza habari za pikapu. Sitaandika majina ya viwanda. Watu hugombania aina za magari kuliko timu za mpira, na mimi sina nguvu za ugomvi. Tena gari moja bovu si ushahidi dhidi ya ndugu zake wote. Nitatumia majina aliyoyatoa Maman Furaha, ambayo sasa sote watano tunayatumia.

Aina ya kwanza tunaiita Mzee. Ndiyo aliyokuwa nayo Papa Aline. Kabini moja, springi ngumu, injini ya zamani isiyo na mambo ya kompyuta. Inabeba bila kulalamika. Ila ukipanda nayo mlima wa kutoka Bugarama ikiwa imejaa, inakunywa maji kama ng'ombe.

Ya pili ni Bwana Harusi. Milango minne, imenyooka, inang'aa, na kila mwisho wa wiki utaiona imefungwa maua ikipeleka watu kanisani. Injini yake ina nguvu kweli. Lakini taa ya njano ikiwaka pale mbele ya dereva, fundi wa hapa anachomeka kimashine chake, anasoma, anatikisa kichwa, na kipuri kinaagizwa Kigali. Wanasema pia haivumilii mazutu, ile dizeli ya kwenye mapipa.

Ya tatu ni Mgeni. Inauzwa mpya, ina karatasi ya dhamana, na bei yake si mbaya kwa kitu kipya. Tatizo lake ni moja tu: hakuna mtu hapa aliyekaa nayo mpaka ikazeeka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini anaisifu sana, ila yeye huiendesha kwenye lami, kutoka dukani mpaka nyumbani kwake.

Nilishuka mpaka Ruhwa, mahali madereva wanaposubiri karatasi zao za forodha. Nilifikiri pale nitapata ukweli, kwa sababu mtu anayesubiri ana muda. Kila mmoja alisifu gari lake. Mwenye Mzee alisema Mzee haifi. Mwenye Bwana Harusi alisema ukishaiendesha hutarudi nyuma. Walikuwa wakitaniana huku wakinijibu mimi.

"Maman, usimsikilize huyu, gari yake imeolewa na fundi."

"Na yako je? Ile inabeba batu, ao batu ndio banaibeba?"

Dereva hasemi vibaya juu ya gari lake akiwa bado nalo. Na siku ya kuliuza ndiyo analisifu zaidi. Sasa ukweli anausema lini?

Nikaacha kuwasikiliza. Nikaanza kuwaomba wanionyeshe wanachoweka nyuma ya kiti. Walinicheka, lakini walinionyesha. Mwenye Mzee alikuwa na dumu la maji, mkanda wa akiba, waya, kamba, na nusu mche wa sabuni. Mwenye Bwana Harusi hakuwa na kitu chochote isipokuwa namba ya simu ya fundi wa Kigali, imeandikwa kwenye kadi. Mwenye Mgeni, niliyempata mmoja tu, alikuwa na bahasha ya dhamana ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe.

Kila dereva hubeba kile anachokiogopa.

Ile sabuni niliielewa mara moja. Papa Aline naye alikuwa nayo, na mwanzoni mwa ndoa yetu nilidhani ni ya kunawa mikono. Nilifurahi moyoni kuwa nimeolewa na mtu msafi. Nikamnunulia nyingine yenye harufu nzuri. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kuwa ni ya kuziba tangi la mafuta likitoboka kwa jiwe, na kwamba yenye harufu haishiki vizuri. Lakini ile niliyomnunulia aliibeba pia, miaka kadhaa, mpaka ikapasuka yenyewe.

Nilirudi kwa wenzangu nikiwa nimeelekea kwa Mzee, kwa sababu kila kilichokuwa nyuma ya kiti chake kinapatikana hapa hapa. Nikasema niendelee kuuliza. Wenzangu wakasema niache, wao walishaamua zamani.

Waliamua siku ya matanga.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Watu wa huku wanajua ikiriyo, matanga yetu, inavyokuwa: unakaa, unapewa kinywaji, na watu wanasimama mmoja mmoja kumtolea marehemu ushuhuda. Hakuna anayesimama kusema ubaya. Marehemu hana deni, hana hasira, hajawahi kuchelewa kanisani. Siku ile Maman Furaha alisimama. Alisema Papa Aline alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote aliowajua. Kisha akanyoosha mkono kuelekea pikapu iliyokuwa imeegeshwa uani, ambayo watu walikuwa wameiegemea, akasema: "Na ile gari yake haikumwachaka njiani ata siku moja."

Watu wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Tulimsifu mtu mpaka gari lake likapata sifa zake. Na neno lililosemwa kwenye matanga huku kwetu halirudiwi kuchunguzwa. Linakaa hivyo. Likakaa mpaka likawa sababu ya wanawake watano kutaka kununua pikapu.

Leo mchana, baada ya umuganda kuisha na barabara kufunguliwa, tulikwenda kuiona Mzee moja inayouzwa hapa Kamembe. Rangi nyeupe, imepauka kidogo. Mwenyewe hakuwepo, alimwacha dereva wake atuonyeshe, mtu mzima mcheshi mwenye kofia ya sufu. Fundi Fidèle, aliyekuwa akiitengeneza pikapu ya Papa Aline, alikuwa ameahidi kuja lakini mvua ikamfungia mahali. Tukasema tutaiangalia wenyewe, na ikitupendeza tutoe kitu cha kuifunga, yaani arubuni.

Tulipiga matairi mateke, kwa sababu tumeona wanaume wanafanya hivyo. Maman Deborah, mpole wetu, akafungua na kufunga mlango mara nyingi. Kisha dereva akaingia kuwasha. Ikasema "tk", ikanyamaza. Akarudia. "Tk."

Akashuka bila wasiwasi. Akachukua spana, akafungua boneti, akainama. Nikasikia: ko, ko.

Akarudi, akawasha, ikanguruma vizuri kabisa.

"Kwa baridi iko na zarau kidogo," akasema akicheka. "Inapenda kubembelezwa."

"Kama mabwana zetu," Maman Furaha akajibu, na wote wakacheka, wakapiga makofi.

Nikashika ubao wa nyuma wa gari.

"Tusitoe kitu leo," nikasema.

"Maman Aline," Maman Furaha akaniuliza, "iko nini tena? Ni demareri tu, stata. Fidèle anabadilisha makaa yake ya ndani, tunaenda. Gari ni ileile ya Papa Aline, ile haikumwachaka..."

"Ilimwacha," nikasema.

Nikawaeleza. Sikupanga kuwaeleza, na sikueleza vizuri, kwa hiyo nijaribu tena hapa.

Stata ya pikapu yetu ilianza kuchoka wiki kadhaa kabla hajafariki. Ilikuwa hivyo hivyo, "tk", kimya. Papa Aline alijua mahali pa kuigonga. Spana, ko, ko, inawaka. Nilimwambia aipeleke kwa Fidèle. Alisema ni kitu kidogo, akipata siku isiyo na mzigo ataipeleka. Siku isiyo na mzigo haikupatikana, kwa sababu hakutaka nyanya zenu zioze. Hayo ya mwisho niliwaambia wenzangu kwa sauti ya chini, na nikajuta, maana yalikuwa kama lawama.

Asubuhi ile aliamka na maumivu ya kifua na jasho la baridi. Pikapu ilikuwa uani, imejaa magunia ya mchele tangu jana yake. Mvua ilikuwa imenyesha kama leo. Kaka yangu aliyekuwa kwetu siku zile akajaribu kuwasha. "Tk." Akagonga hapa, akagonga pale, hakujua mahali. Majirani wakaja kusukuma, lakini mzigo ulikuwa mzito na magurudumu yakazama kwenye tope.

Ndipo Papa Aline akatoka ndani mwenyewe. Mkono mmoja ulikuwa kifuani. Wa pili alimnyang'anya kaka yangu spana. Akainama pale mbele, akagonga. Ko, ko. Akapumzika. Akagonga tena.

Haikuwaka.

Nilimwambia, acha. Alinijibu, "Kidogo tu, Maman Aline, naijua hii." Yalikuwa maneno yake ya mwisho ya mtu mwenye nguvu.

Tukaita moto, pikipiki ya abiria. Alipanda katikati, dereva wa moto mbele, kaka yangu nyuma amemkumbatia asianguke, mvua inawanyeshea wote watatu. Mimi nilifuata na moto nyingine. Alifika hospitalini akiwa hai. Alifariki siku ya pili. Sikumuuliza daktari kama muda ule tulioupoteza ulikuwa na maana. Niliogopa angenijibu.

Haikumwacha njiani, kweli. Ilimwacha nyumbani.

Nilipomaliza, dereva wa yule muuzaji alikuwa amezima injini na kuvua kofia. Maman Furaha akanigeukia.

"Kwa hiyo mimi nilisimama mbele ya sanduku ya Papa Aline nikadanganya batu?"

"Hukudanganya. Hukujua."

"Weye ulijua," akasema. "Na ukasema amina."

Akaondoka. Alipanda moto bila kuuliza bei, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Maman Deborah alibaki. Alinifunika na mwavuli wake, yeye bega moja likilowa.

"Alianzaka kuumwa kifua lini?" akaniuliza.

"Wiki kadhaa. Alikuwa anakisugua, kinaacha."

Nadhani alielewa kabla yangu. Mimi nimeelewa nikiwa njiani kurudi nyumbani, nimesimama chini ya paa la duka la mtu, nikisubiri mvua ipungue.

Bwana Harusi ingekuwa imewasha taa yake ya njano mapema. Ingegoma, ingemwaibisha mbele ya abiria, angeitukana, na angelazimika kuipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Mgeni, angeirudisha kwa waliomuuzia na karatasi yake. Lakini Mzee inasamehe. Ukiipiga kidogo inakubali. Ukiinywesha maji inakubali. Inakubali waya badala ya bolti, sabuni badala ya kuchomelea. Kila mtu anaiita imara kwa sababu hiyo, na ni kweli ni imara. Ila inakuzoesha kuahirisha.

Na yeye alikuwa anaufanyia mwili wake vilevile. Anasugua, maumivu yanapita, anapakia mzigo.

Sijui kama naandika juu ya gari au juu yake. Nimejaribu kuvitenganisha tangu mchana na nimeshindwa.

Fidèle aliniambia baadaye, wiki ile baada ya mazishi, kwamba kilichoisha ndani ya stata kilikuwa kipande cha makaa chenye ukubwa wa ukucha wa kidole. Alikuwa ananifariji, maskini, alitaka kusema kuwa gari halikuwa na tatizo kubwa. Akalitengeneza, na nikaliuza kwa mtu wa Muganza anayebeba mawe. Nilimweleza kila kitu kuhusu gari hilo, mpaka mlango unaogoma. Kuhusu asubuhi ile sikumweleza. Haikuwa habari yake.

Lakini kwa wenzangu ilikuwa habari yao, si ndiyo? Akiba ni yao. Na yule dereva tutakayemwajiri atapanda mlima ule na mzigo wetu kila siku, naye ana watoto.

Hilo najibu ndiyo. Kisha namwona Papa Aline ameinama pale mbele ya gari, na najisikia kama nimemvua shati hadharani. Watu walimjua kama dereva mwangalifu. Alikuwa mwangalifu. Alipunguza mwendo kwa mbuzi, kwa watoto, kwa bibi kizee aliyebeba kuni hata kama yuko kando kabisa. Alikuwa mwangalifu kwa kila mtu aliyekuwa nje ya gari.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, simu ikalia. Maman Furaha. Nusura nisipokee.

Hakunisalimia.

"Nilikuwaka namuona akiigonga," akasema. "Kule sokoni Bugarama. Mara mingi. Nilikuwaka nacheka, namwambia, piga, ijue mwenye nyumba ni nani."

Kisha akanyamaza. Kwa Maman Furaha hicho ni kitu kikubwa.

"Ile tuliyoiona leo tunainunua ao tunaiacha?" akauliza mwishowe.

Nikamwambia ninavyofikiri. Kwamba bado nachagua Mzee, kwa sababu sisi tuko mbali na Kigali na mzigo wetu hausubiri kipuri. Lakini stata itolewe kwanza, mbele ya macho yetu, Jumatatu, Fidèle akiwepo, kabla hatujatoa chochote. Na dereva tutakayempata aambiwe siku ya kwanza: siku utakapohitaji kugonga kitu ili kiwake, mzigo unashuka na gari linakwenda kwa fundi. Nyanya zioze.

"Zioze," akasema Maman Furaha, na nikasikia pua yake. Anauza nyanya tangu akiwa msichana. Sikuwahi kufikiri ningemsikia akisema hivyo.

"Jumatatu niko," akaendelea. "Wa kwanza kufika ni mimi. Lakini Maman Aline, Aline mwenyewe anajuaka?"

Nikamwambia hajui.

Aline, binti yetu, alikuwa masomoni Huye siku ile. Alipofika, baba yake alikuwa tayari kwenye sanduku, na uani kulikuwa na watu wameegemea pikapu. Nilimwambia baba yako alifika hospitali, alihudumiwa, Mungu akamwita. Yote kweli. Miezi michache baadaye aliniuliza kwa simu, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi: "Maman, mlichelewa kufika?" Nikamwambia hapana.

Kwenye ule ushuhuda wa Maman Furaha, Aline ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Na huwa ndiye wa kwanza kusoma ninachoweka hapa kwenye ukurasa wangu. Ananitumia ujumbe kabla hata sijaweka simu chini, ananiambia nimekosea koma.

Kwa hiyo maandishi haya hayatoki leo. Yatalala ndani ya simu. Kesho nikitoka misa nitampigia, nitamwambia akae mahali pa utulivu, nitaanza na spana. Sijui ataniuliza nini. Labda atanyamaza kama Maman Furaha, labda atasema kile ambacho nimejisemea mimi mwenyewe mwaka mzima, kwamba tulichelewa. Nikishindwa kumwambia, nitayafuta yote.

Kama mtu mwingine yeyote anayasoma haya, basi ajue Aline aliyasikia kwanza, kwa sauti yangu.